Mbwa na Uyoga wa Kiangazi

Hapo zamani, kale ile ambayo hata mimi nilizaliwa nikaikuta imekwisha, wanyama walikuwa na nyumba zao, majiko yao, wake zao na wakwe zao. Walikuwa na kelele kuliko nyinyi, ingawa leo sina hakika. Hizza, kaa chini. Chiku, acha kumfinya mwenzio. Ninasimulia huku nachambua kunde, na atakayepiga teke ungo huu atazichambua yeye mpaka ya mwisho.

Haya.

Palikuwa na Chui na Fisi, washirika wa kuwinda kanga. Sisemi kanga za kuvaa, Chiku, nakuona unavyocheka. Nasema kanga ndege, yule mwenye madoadoa anayekimbia mashambani akipiga makelele, kekekeke, kekekeke, kama mtu anayegombana na jirani. Kila mmoja alikuwa na upinde wake. Mishale waliichonga pamoja, mti ule ule, manyoya yale yale, hata mimi na wewe tungewekewa hapa tusingejua upi wa Chui na upi wa Fisi.

Na walikuwa na Mbwa.

Mbwa alikuwa mdogo, mbavu nje, miguu myembamba, lakini pua yake! Kazi yake ilikuwa kuleta ndege waliopigwa. Ndege akianguka kwenye miiba, Mbwa. Akianguka kwenye upupu, Mbwa. Akianguka katikati ya dimbwi lenye ruba, nani? Mbwa, na akitoka huko anajikuna siku mbili. Fungu lake lilikuwa kichwa na miguu ya ndege. Basi.

Kichwa na miguu hiyo yenyewe hakuipata. Na kilichomkosesha ni firigisi.

Nyumbani mnajua firigisi ni ya nani. Ni ya baba. Akija mgeni wa heshima, baba mkwe kwa mfano, anapewa yeye. Watoto hamuionji, na msinitazame hivyo, utaratibu huo sikuuweka mimi. Sasa kanga ana firigisi moja. Chui ni baba wa nyumba yake, Fisi ni baba wa nyumba yake. Kila mmoja amemwahidi mkewe kwamba leo atarudi na firigisi. Mnaona tunakoelekea?

Fyuu! Fyuu! Mishale miwili ikaruka. Pu! Kanga akaanguka kichakani. Mbwa huyoo, akapenya, akatoka naye mdomoni.

"Wangu!" akasema Chui.

"Wako kwa lipi?" akasema Fisi. "Mshale wako umepita juu, nimeuona kwa macho yangu."

"Macho yako hayo ya utongo?"

"Chui, usinitukane mbele ya Mbwa."

Na Mbwa je? Mbwa amesimama, kanga mdomoni. Kwa maana desturi ya wawindaji wale ilikuwa kwamba mleta ndege hamtui chini mpaka mwenyewe ajulikane. Akimweka karibu na Chui, amempendelea Chui. Akimweka karibu na Fisi, amempendelea Fisi. Kumtafuna, ole wake. Basi anasimama tu, jua utosini, nyama imejaa mdomoni, tumbo linamwita, mate yanadondoka, na wale mabwana wawili wanagombana.

"Mmh! Mmh mmh mmh!" akasema Mbwa.

"Umesikia? Anasema ni wangu," akasema Fisi.

"Mwongo! Anasema ni wangu."

Alikuwa hasemi lolote kati ya hayo. Alikuwa anasema, "Nzi wameniingia puani."

Hizza anauliza kwa nini hawakuitia mishale alama. Swali zuri. Mbwa naye aliuliza hilo hilo asubuhi moja, mdomo wake ukiwa mtupu.

"Mabwana zangu, kwa nini msiitie mishale alama? Bwana Chui afunge uzi mwekundu, Bwana Fisi afunge mweusi. Tungemaliza kazi mapema."

Mabwana wote wawili walikasirika.

"Alama ya nini?" akanguruma Chui. "Unaniona mwizi mimi?"

"Mimi na mwenzangu tunaaminiana!" akasema Fisi. "Kijibwa hiki kinataka kutugombanisha!"

Mmeelewa? Hakuna aliyetaka alama, kwa sababu bila alama kila mmoja aliweza kudai kila ndege. Mtu ukifikiria sana jambo hili unaweza kupasuka kichwa. Mbwa alilifikiria kila siku, kwa saa nyingi, akiwa amesimama.

Ugomvi ule uliendelea mpaka nyama inaanza kunuka. Hapo ndipo walipomrarua ndege katikati, huyu huku, yule huku, firigisi ikachanika, hakuna aliyeridhika. Na Fisi, mnamjua Fisi na mifupa, akawa anatafuna kichwa na miguu bila hata kutazama. Karuu, karuu, karuu.

"Bwana Fisi, hilo fungu langu."

"Lo! Nimepitiwa. Kesho, Mbwa. Kesho."

Mbwa alirudi nyumbani na harufu ya kanga mdomoni, na harufu tu. Alikuwa na mke aitwaye Mama Wanne, kwa sababu walikuwa na watoto wanne. Watoto wakamrukia, wakamlamba midomo, wakaisikia ile ladha, wakaanza kulia.

"Umeleta nini?" akauliza Mama Wanne.

"Kesho."

"Kesho nimeshaipika jana, na juzi, na majuzi. Haishibishi! Unakuja kuwanusisha wanangu nyama kisha unawaambia kesho? Heri ungekuja unanuka matope!"

"Mke wangu, nifanye nini? Wale ni Chui na Fisi. Nikimuudhi mmoja ananila, nikimuudhi mwingine ananila."

Mama Wanne alionyesha tu kwa mkono pale pembeni ya jiko. Watoto watatu walikuwa wakimlamba baba yao. Wa nne, yule mdogo wao, alikuwa amelala kwenye majivu, amemsikia baba amekuja, amefungua jicho moja, akalifumba. Hakuwa na nguvu ya kuja kulamba.

Mbwa alimtazama mtoto yule, na moyo ukamuuma vibaya sana. Alichoka. Siyo kuchoka kwa kukimbia, hapana, alichoka na watu wazima wawili wenye meno makubwa na akili ndogo.

"Basi," akasema. "Wanataka wote wawili kunyang'anyana. Nitawasaidia."

Kesho yake asubuhi Mbwa alimpitia Chui nyumbani kwake, akamchukulia podo la mishale, wakawa wanatembea.

"Bwana Chui, shikamoo."

"Marahaba. Sema haraka."

"Bwana, mimi ndiye ninayefika kwenye ndege kwanza. Naona mshale ulivyoingia. Ni wako kila siku. Kila siku! Ninaumia roho nikimwona Fisi anavyokudhulumu."

Chui alisimama. "Nilijua! Nilisema mimi!"

"Sasa nimefikiri. Ndege akianguka, nitamficha huko huko. Nitarudi mdomo mtupu, niseme ametoroka. Fisi hatapata hata unyoya. Mimi nitakubanikia vizuri kwa moshi, nikuwekee, mpaka siku utakapowataka. Ukiniona nimekonyeza jicho, ujue huyo ni wako."

"Na firigisi?"

"Na firigisi zake zote, bwana."

Chui aliangalia huku na huku. Alicheka kwa puani. Kisha akainama, akamwonyesha Mbwa meno, yote.

"Ukinichezea, nitakula wewe badala ya kanga. Na Fisi asijue."

"Ajue kwa nani, bwana? Mimi nitamwambia?"

Huyo mmoja. Walipofika kijitoni, Fisi alikuwa ametangulia, anakunywa maji, chubwi chubwi. Chui akakaa mbali kukaza upinde. Mbwa akajisogeza.

"Bwana Fisi, shikamoo. Naomba neno la siri."

Nirudie? Sirudii. Ni maneno yale yale, ila pale aliposema Chui weka Fisi, na pale aliposema Fisi weka Chui. Fisi alicheka mpaka akapaliwa na maji, kho kho kho!

"Mbwa! Kumbe una akili! Na yule Chui, mjinga yule, asijue!"

"Ajue kwa nani, bwana?"

"Maana ukinigeuka, mimi nakula mpaka kucha. Sibakizi ushahidi."

Wakaenda kuwinda. Kekekeke! Kanga wakakurupuka kutoka kwenye mtama. Fyuu! Fyuu! Pu! Ndege mnene akaangukia nyuma ya kichuguu.

Mbwa huyoo. Kichuguu kile kilikuwa na shimo kubwa chini. Mbwa akamtia kanga shimoni, akaziba kwa majani, akajipangusa mdomo, akarudi akikokota miguu.

"Ametoroka, mabwana. Alikuwa amejeruhiwa bawa tu."

Na akakonyeza jicho. Mara moja tu. Chui alikuwa kulia, Fisi alikuwa kushoto, na jicho lile moja likawatosha wote wawili.

"Aah, pole sana mwenzangu!" akasema Chui, huku amebana kicheko.

"Pole wewe, ndugu yangu!" akasema Fisi, machozi yanamlengalenga kwa furaha. "Uwindaji ndivyo ulivyo. Kuna kupata na kukosa."

"Hatutagombana kwa ndege mmoja."

"Tugombane kwa nini? Sisi ni ndugu!"

Mbwa aliwatazama. Miezi mitatu amesimama juani na nyama mdomoni akisubiri maneno hayo, na ilibidi ndege apotee ndipo yasemwe. Alitamani kuwauma wote wawili.

Siku ile nyumbani kwa Mbwa palinuka nyama, na safari hii nyama yenyewe ilikuwepo. Mama Wanne alimnyonyoa kanga, akampika, akamlisha kwanza yule mdogo, mchuzi kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka mkia wake ukatingishika. Kisha akaweka kitu kidogo kwenye kisahani, akakisogeza mbele ya mumewe.

"Nini hii?"

"Firigisi. Si wewe ndiye baba wa nyumba hii?"

Mbwa alikuwa amebeba kanga wengi mno maishani mwake, lakini firigisi ilikuwa haijapata kufika mbele yake. Alishindwa kuila mara moja. Alikaa akiitazama mpaka ikapoa.

"Sasa niambie," akasema Mama Wanne, "umemwibia nani?"

"Sijaiba. Chui amenituma nimwibie Fisi. Fisi amenituma nimwibie Chui. Nimewatii wote wawili."

"Na sisi?"

"Sisi tunawatunzia."

"Tumboni?"

"Wapi tena pasipooza?"

Mama Wanne alifungua mdomo agombe, akaona watoto wanavyolamba chungu, akaufunga.

Ikawa hivyo kila siku. Fyuu, fyuu, pu, ametoroka, konyezo. Watoto wa Mbwa wakanenepa. Mbavu za Mbwa zikajificha ndani. Na washirika wale wawili, ambao hawakuwa wakionja nyama yoyote, walipendana ajabu. Walishikana mikono njiani. Kila mmoja alimhurumia mwenzake kwa ujinga wake.

Siku moja nusura Mbwa aharibu. Alirudi mdomo mtupu, lakini unyoya mmoja wa kanga, wenye madoadoa, mkubwa, ulikuwa umemganda kwenye masharubu. Alipopumua unacheza. Fuu, fuu.

Chui akauona. Moyo ukamlipuka: Fisi akiuona nimekwisha!

Fisi akauona. Moyo ukamlipuka: Chui akiuona nimekwisha!

"Tazama mawingu yale!" akapiga kelele Chui, akimgeuza Fisi kichwa.

"Na wewe tazama kule, moshi!" akapiga kelele Fisi, akimgeuza Chui kichwa.

Wakawa wamesimama, huyu kamshika yule shingo, yule kamshika huyu shingo, wote wanatazama anga tupu isiyo na wingu wala moshi. Na kila mmoja, kwa mguu wa nyuma, anampa Mbwa ishara: pangusa, pangusa, pangusa!

Mbwa akapangusa. Mimi ningekuwa ni yeye ningecheka, nikaharibu. Yeye alikuwa amechoshwa nao kiasi kwamba hata kicheko hakikumjia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipochacha.

Nyumbani kwa Fisi mkewe alikuwa amechoka naye. Alikuwa ameinamia chungu anakoroga mchicha, chakula walichokula jana na juzi na wiki yote.

"Mchicha tena," akasema Fisi, akitabasamu.

"Unacheka nini?" akaja juu mkewe. "Mwindaji mzima! Unatoka asubuhi na upinde, unarudi na upinde! Baba yangu aliniuliza, huyo mumeo anawinda nini, nikakosa la kumjibu!"

Fisi, badala ya kunyamaza, akavimba. Enyi watoto, kuna wakati mtu anatakiwa anyamaze ale mchicha wake. Yeye akasema:

"Mwambie baba yako aje Ijumaa. Atakula kanga. Atawekewa firigisi mpaka aseme basi, zimetosha!"

Mkewe alitupa mwiko, akaenda kumwita baba yake siku ile ile, kabla mume hajabadili maneno.

Ijumaa asubuhi Fisi alimvizia Mbwa njiani.

"Mbwa! Wale ndege wangu. Nawataka leo. Baba mkwe amekuja, ameshakaa mkekani."

Mbwa aliinamisha masikio. "Wote, bwana?"

"Wote! Na firigisi zote!"

Ndege wenyewe walikuwa wameshageuka mashavu ya watoto. Mbwa aliwaza kukimbia, lakini mtu hakimbii na watoto wanne mchana kweupe, na Chui ana mbio. Akawaza tena. Akasema:

"Hakuna neno, bwana. Njoo alasiri, saa tisa kamili, kwenye kichuguu kile. Lete kapu kubwa. Njoo peke yako, usimwambie Chui."

"Nimwambie mimi wazimu?"

Mbwa akaenda moja kwa moja mpaka kwa Chui.

"Bwana Chui, ndege wako wamebanikwa, wamekauka vizuri mno. Njoo uwachukue leo, saa tisa kamili, kwenye kichuguu kile. Lete kapu kubwa. Na usimwambie Fisi."

Kisha akarudi nyumbani, akamwambia mkewe kila kitu.

"Nilikwambia!" akapiga kelele Mama Wanne.

"Hukuniambia."

"Nilinyamaza! Hukuniona nilivyonyamaza? Sasa tutaliwa sote sita!"

"Mama Wanne, funga vyungu. Chukua watoto, vukeni mto, muende ng'ambo kwa ndugu zako. Mimi nitawapa wale mabwana kitu cha kufanya."

"Kitu gani?"

"Sijui bado. Watakibuni wenyewe. Hao wawili ukiwaweka pamoja hawakosi upuuzi wa kufanya."

Saa tisa jua lilikuwa kali. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mtama uvunwe, ardhi imepasuka nyufa za kuingiza kidole. Fisi akaja kutoka upande huu, kanzu yake ya kupokelea wakwe mwilini, kapu kichwani, ananyata. Chui akaja kutoka upande ule, kapu mgongoni, ananyata. Wakazunguka kichuguu. Wakagongana, po!

Wakatazamana makapu.

"Ndugu yangu!" akasema Fisi.

"Mwenzangu!" akasema Chui.

"Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri. Umekuja na kapu."

"Kapu? Ah, hili. Naokota... naokota uyoga."

"Uyoga," akasema Chui.

"Uyoga. Baba mkwe anaupenda. Na wewe, kapu hilo?"

Chui, mnyama mkubwa vile, mwenye meno vile, akatazama ardhi, akatazama mbingu, akasema, "Uyoga. Mimi pia naokota uyoga."

Uyoga! Kiangazi kile! Hata jani bichi halikuwepo. Lakini nani angemwambia mwenzake kwamba hakuna uyoga, wakati naye alisema anaokota uyoga?

Hapo Mbwa akatokea, anatembea polepole, akasimama katikati yao kabisa, Chui kulia, Fisi kushoto.

"Shikamooni mabwana zangu. Kumbe mpo wote."

Fisi akamnong'oneza sikio la kushoto: "Wako wapi?"

Chui akamnong'oneza sikio la kulia: "Wako wapi?"

Mbwa akajibu kwa sauti kubwa, ile ya kuitia watu shambani: "Nani hao, bwana?"

"Sssh!" wakasema wote.

"Mbwa, njoo huku pembeni," akasema Chui, kucha zimeanza kutoka.

"Hapana, njoo huku kwangu," akasema Fisi, mate yanamtoka.

"Siendi pembeni," akasema Mbwa. "Mwenye neno aliseme hapa, mwenzake asikie. Bwana Fisi, kuna kitu nilikuwekea bila Bwana Chui kujua? Kitaje."

Chui akageuka akamtazama Fisi.

"Mimi?" akasema Fisi. "Kitu? Kitu gani? Aa, hakuna kitu."

"Bwana Chui, je, wewe? Kuna kitu nilikufichia bila Bwana Fisi kujua? Kitaje."

Fisi akageuka akamtazama Chui.

"Hakuna," akasema Chui, akirudisha kucha zake ndani.

"Kwa hiyo hakuna anayenidai."

"Hakuna."

"Hakuna."

"Na atakayenigusa leo, mwenzake atamuuliza amenigusa kwa kosa gani, na itabidi aseme." Mbwa akavuta pumzi. Yaliyobaki aliyasema kwa hasira aliyokuwa ameikalia miezi yote ile. "Miezi mitatu nimesimama na ndege mdomoni! Nilisema tieni alama! Uzi mmoja tu, mwekundu na mweusi! Uzi! Mwanangu alikuwa anakufa jikoni, nyinyi mnagombania firigisi! Mimi kazi hii nimeacha. Haya, endeleeni na uyoga wenu."

Akageuka, akaondoka. Hakukimbia. Alitembea mpaka alipopita kichaka cha kwanza, na hapo ndipo alipotimua mbio, tiii, mpaka mtoni, kwa mkewe na wanawe.

Chui alitaka kumfuata. Akainua mguu. Fisi akamtazama. "Unakwenda wapi, mwenzangu?"

"Mimi? Siendi. Nilikuwa nausogelea uyoga ule."

Fisi alitaka kumfuata. Chui akamtazama. "Mbona unaondoka, ndugu yangu? Kapu lako tupu."

"Naondoka wapi? Ndiyo kwanza nimeanza."

Wakainama. Wote wawili, migongo juani, pua chini, wakawa wanaokota uyoga ambao haupo. Huyu anachungulia chini ya jiwe, yule anapapasa ufa wa ardhi. "Wako unaendeleaje?" "Vizuri, na wako?" "Unapatikana, unapatikana." Hakuna aliyethubutu kuondoka wa kwanza, kwa maana wa kwanza kuondoka ndiye angekuwa amekiri.

Jua lilikuwa linaanza kushuka waliposikia mtu anakohoa. Baba mkwe wa Fisi alikuwa amechoka kukaa mkekani. Amekuja mwenyewe, mzee wa watu, polepole, mikono ameinua mbele, haijagusa kitu, kwa sababu alikuwa ameshanawa.

"Mkwe wangu," akasema, "nimenawa tangu saa nane. Unafanya nini hapo?"

Fisi akainua uso, vumbi mpaka kwenye kope, kanzu imechafuka magotini.

"Naokota uyoga, baba."

Mzee aliitazama ardhi ile iliyopasuka. Akalitazama kapu tupu la mkwewe, akalitazama na la Chui. Akaishusha mikono yake, akaipangusa kwenye shuka.

"Wawili," akasema. "Nilidhani ni huyu wangu peke yake."

Akaenda zake kula mchicha wa binti yake.

Ukimtuma mtu akuibie mwenzako, usishangae akijilisha kwanza.

Mimi hadithi niliikuta imefika hapo, na hapo ninaiacha. Sasa nani kamwaga kunde zangu? Hizza? Chiku? Msioneshane vidole. Inameni wote wawili, muokote.